Injini ya kilometa 290,000 inakula oili: je, ringi na beringi zinatosha?

Swali la msomaji: Gari langu lina injini ya petroli ya silinda nne, lita 1.6, bloku ya chuma na hedi ya aluminiamu. Imetembea kilometa 290,000. Inakula karibu lita moja ya oili kila kilometa 1,000, inatoa moshi wa bluu nikipanda mlima, nguvu imepungua, na taa ya oili inamweka injini ikiwa ya moto na gari limesimama. Fundi anasema tushushe injini, tubadilishe ringi na beringi, tufunge. Pesa yangu ni ndogo. Je, hiyo inatosha? Na kama haitoshi, nianze kutumia pesa wapi?

Jibu

Ndugu yangu, ringi na beringi zinaweza kutosha kabisa. Pia zinaweza kuwa pesa uliyoimwaga, maana ringi mpya ndani ya silinda iliyolika hazizibi, na moshi utarudi mapema. Jibu halimo kwenye rangi ya moshi wala kwenye sauti ya injini. Limo kwenye vipimo vya silinda, vya mifereji ya pistoni inayokaliwa na ringi, vya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) na vya uso wa hedi. Kwa hiyo usinunue kipuri hata kimoja mpaka injini ifunguliwe, ioshwe na kupimwa. Anayetangulia kununua ringi za standadi, kisha akaambiwa silinda zichongwe hadi ovasaizi ya 0.50, yaani zipanuliwe kwa milimita 0.50, amepoteza seti nzima. Beringi nazo ni hivyo hivyo, ikiwa krenki itasagwa.

Kabla hata ya kushusha injini kuna kazi ya nusu siku isiyogharimu karibu chochote. Anza na valvu ya PCV, ile inayovuta mvuke kutoka ndani ya bloku na kuurudisha kwenye manifoldi ya hewa. Ikiziba, hewa inayovuja kwenye ringi hukosa pa kutokea na kusukuma oili kila penye upenyo. Ikikwama wazi, injini hunyonya oili moja kwa moja. Itoe, uitikise: nyingi zikiwa nzima utasikia kitu kikicheza ndani.

Kisha pima kompresheni. Injini iwe imepata moto, plagi zote nne zitolewe, umeme wa koili na wa injekta ukatwe, pedali ya mafuta ikanyagwe hadi chini, starta izungushe mpaka geji ipige mara tano au sita. Injini ya petroli ya kawaida ikiwa na afya husoma kati ya baa 11 na 14. Namba yenyewe ni muhimu, lakini tofauti kati ya silinda na silinda ni muhimu zaidi: ikizidi baa 1 hadi 1.5, kuna tatizo mahali. Silinda iliyosoma chini imwagie kijiko kimoja cha chai cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena. Kompresheni ikipanda sana, tatizo ni ringi au silinda. Isipopanda, tazama valvu au gasketi ya hedi.

Sasa sikiliza jambo ambalo mafundi wengi hulipita. Ringi ya oili, ile ya chini kabisa, haishiki kompresheni. Inawezekana ukapata baa 13 kwenye silinda zote na injini bado ikawa inakula lita kwa kilometa 1,000, kwa sababu ringi ya oili imegandamana na masizi na vitundu vya kurudishia oili ndani ya mfereji wake vimeziba. Hali hiyo haiponi kwa kuchonga silinda. Kuna dawa za kuyeyusha masizi zinazomwagwa juu ya pistoni na kuachwa usiku kucha. Baadhi ya ringi huachia. Jaribu mara moja kabla ya kufungua, na ukijaribu, zungusha kwanza injini plagi zikiwa nje ili dawa iliyobaki itoke, kisha mwaga oili yote na ubadilishe filta kabla ya kuwasha.

Moshi nao una lugha yake. Ukitoka wakati wa kuwasha asubuhi, au unapokanyaga mafuta baada ya kushuka mteremko mrefu bila kukanyaga, mara nyingi ni sili za valvu, na kwenye injini nyingi hizo hubadilishwa bila kutoa hedi. Wako unatoka mlimani, injini ikiwa na mzigo. Hiyo inaelekeza kwenye ringi.

Taa ya oili usiihukumu kwa macho. Toa swichi yake, funga geji ya mkono mahali pake, upime injini ikiwa ya moto. Kanuni ya zamani ambayo bado inasaidia ni takriban baa 0.7 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika. Ikiwa katika mzunguko wa chini unapata chini ya baa 0.5, na katika mizunguko 3,000 hufikii baa 2, beringi au pampu ya oili imechoka na kushusha injini ni lazima. Geji ikisoma vizuri, ulikuwa na swichi mbovu tu.

Tuseme umeshusha. Wakati wa kufungua, vifuniko vya konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki) na vya meni beringi (zinazoshikilia krenki kwenye bloku) vipewe alama ya namba na upande kabla ya kulegezwa. Kila kifuniko kilichongwa kikiwa kimefungwa kwenye konrodi yake au sehemu yake ya bloku. Ukivichanganya, duara linaharibika na beringi mpya zitakwama au kuungua. Boliti za hedi zilegezwe injini ikiwa baridi kabisa, kuanzia nje kuelekea katikati, kwa awamu, la sivyo hedi ya aluminiamu hupinda. Tapeti na shimu zake zikae kila moja kwenye mfuko wenye namba ya mahali ilipotoka. Juu ya kila silinda, ukipitisha ukucha, utahisi kingo ndogo pale ambapo ringi haifiki. Ikiwa ni kubwa, ikwanguliwe kabla ya kusukuma pistoni nje, maana ringi hunasa hapo na kuvunja pistoni ambayo pengine ungeitumia tena. Ikiachwa, hata ringi mpya ya juu itaigonga na kukatika.

Sasa vipimo, na hapa ndipo pesa yako inapookolewa au kupotea. Geji ya kupimia ndani ya silinda ni ghali, lakini kuna njia inayohitaji fila geji peke yake, yaani vile vibao vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi. Chukua ringi moja ya juu, hata ya zamani. Iingize chini kabisa ya silinda, mahali ambapo ringi huwa hazifiki, uisukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa bila kulala upande. Pima mwanya kati ya ncha zake mbili. Kisha ipandishe hadi chini kidogo ya ile kingo, kama milimita 10 kutoka juu, upime tena. Toa mwanya mdogo kwenye mkubwa, gawanya kwa 3.14. Unachopata ni kiasi ambacho kipenyo cha silinda kimelika.

Mfano: chini umepata 0.35, juu 0.60. Tofauti ni 0.25, ukigawanya unapata 0.08 mm. Silinda hiyo inaweza kupigwa honingi (kukwaruzwa kidogo kwa mawe) na kuvishwa ringi mpya za standadi. Lakini kama juu umepata 0.90, tofauti ni 0.55, na ulikaji ni karibu 0.18 mm, hapo ringi tupu ni kujidanganya, bloku inakwenda kuchongwa. Mpaka wangu kwa kazi ya bajeti ni 0.10 mm. Njia hii haioneshi kama silinda imekuwa yai, kwa hiyo ukikaribia mpaka mpelekee fundi wa mashine apime kwa geji yake, juu, katikati na chini, pande mbili. Kupima peke yake ni kazi ndogo kwake. Fanya silinda zote nne. Iliyolika zaidi ndiyo inayoamua.

Pistoni nazo zina hukumu yao. Safisha mifereji kwa kipande cha ringi ya zamani kilichovunjwa na kunolewa, ukikwangua masizi bila kuchimba aluminiamu, na vitundu vya mfereji wa oili vizibue kwa ncha ya drili inayozungushwa kwa vidole. Weka ringi mpya ndani ya mfereji na pima kwa fila geji nafasi iliyobaki kwa juu. Kawaida ni 0.03 hadi 0.08 mm. Ikifika 0.12 au zaidi kwenye mfereji wa juu, ringi itakuwa inapanda na kushuka na kusukuma oili juu kama pampu. Pistoni hiyo imekwisha hata kama sketi yake, yaani ubavu wake wa chini, inang'aa.

Kama kuchonga hakuepukiki, nunua pistoni kwanza, kisha mpelekee fundi pistoni zote pamoja na bloku, achonge kila silinda kwa kuifuata pistoni yake, akiacha nafasi ambayo mtengenezaji ametaja. Usimwambie tu "chonga 0.50". Uliza pia hatua ndogo kabisa inayopatikana: ikiwa 0.25 inasafisha silinda zote, kuruka hadi 0.50 kunamaliza nyama ya bloku bure. Na kama ni silinda moja tu iliyochubuka na tatu ziko salama, kuivisha hiyo moja slivu (bomba jipya la chuma ndani ya silinda) na kurudisha pistoni za standadi mara nyingi ni nafuu kuliko kuchonga nne.

Kama silinda zimefaulu, honingi unaweza kuifanya mwenyewe kwa drili ya mkono ya mwendo mdogo, mawe ya ukali wa 240 hadi 280, na oili nyepesi kwa wingi. Sekunde 15 hadi 20 kwa silinda, ukipanda na kushuka bila kusimama, mpaka uone mikwaruzo inayokatana kama nyavu kwa pembe ya takriban digrii 45. Mikwaruzo hiyo ndiyo inayoshika oili na kuifanya ringi ijilaze. Honingi haiondoi ulikaji. Inaondoa utelezi tu. (Bloku ya aluminiamu isiyo na slivu za chuma usiiguse kwa mawe haya. Yako ni ya chuma, uko salama.)

Baada ya honingi, osha. Ninasisitiza hapa kuliko popote, kwa sababu hili halina gharama na ndilo linaloua injini nyingi zilizofanyiwa oveholi. Petroli na mafuta ya taa hayatoi unga wa mawe. Yanausukuma ndani ya mikwaruzo tu, na unga huo utasaga ringi mpya na beringi mpya kwa pamoja. Tumia maji ya moto, sabuni ya unga na brashi ngumu, usugue kila silinda, suuza, rudia. Kausha haraka, pitisha kitambaa cheupe chenye oili. Kikitoka na rangi ya kijivu, osha tena. Kikitoka safi, paka oili papo hapo, maana chuma kibichi hushika kutu ndani ya dakika chache. Njia zote za oili ndani ya bloku na krenki zipitishiwe brashi nyembamba na hewa ya kompresa. Matundu ya boliti za hedi yasiyotokea upande wa pili yapulizwe hadi yakauke: maji au oili ikibaki humo, boliti ikikazwa inaweza kupasua bloku.

Krenki haihitaji kusagwa kwa sababu tu injini ni ya kilometa nyingi. Mara nyingi chuma cha krenki huwa kizima wakati beringi laini zimelika. Pitisha ukucha juu ya kila jarida, yaani zile sehemu za duara zinazokaa ndani ya beringi: mkwaruzo unaonasa ukucha unahitaji mashine. Pima kwa maikromita sehemu mbili na pande mbili. Tofauti ya zaidi ya 0.02 hadi 0.03 mm inamaanisha duara limepotea. Krenki ikifaulu, ipige msasa laini sana wa 1,000 wenye oili ili ing'ae, uioshe, uvishe beringi za standadi. Ikisagwa hadi 0.25, hakikisha fundi ameacha ule mviringo mdogo kwenye kona za jarida, kwa sababu kona kali ndipo krenki hukatikia. Beringi za zamani nazo zisome kabla ya kuzitupa: rangi ya shaba ikionekana upande mmoja tu, huenda konrodi imepinda, mikwaruzo mingi midogo inasema oili ilikuwa chafu.

Thibitisha nafasi ya beringi mpya kwa Plastigage, uzi wa plastiki unaowekwa juu ya jarida kavu. Funga kifuniko kwa torki kamili bila kuzungusha krenki, fungua, linganisha upana wa uzi uliobanwa na kipimo cha kwenye karatasi yake. Injini nyingi ndogo hutaka 0.02 hadi 0.05 mm. Zaidi ya 0.08, mgandamizo wa oili hautarudi hata ukiweka pampu mpya.

Pampu ya oili ifunguliwe. Kifuniko chenye mifereji iliyochimbwa, au nafasi kati ya rota inayozidi 0.20 mm, inadai pampu mpya, na hapa usibane senti. Chujio la ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) lioshwe na oringi yake iwe mpya. Oringi ngumu huvuta hewa, na injini yenye kila kitu kipya inaanza kunoki, yaani kugonga kwa ndani.

Kwa hedi, laza rula ya chuma iliyonyooka kwa urefu na kwa mshazari, jaribu kupitisha fila geji ya 0.05 mm. Ikipita, uso usawazishwe kwa mashine, na iondolewe kiasi kidogo kabisa kinachotosha. Kama gari liliwahi kuchemsha, lipia kipimo cha nyufa cha mgandamizo kabla ya kazi nyingine yoyote ya hedi. Valvu zisagwe kwenye siti zake kwa unga wa kusagia mpaka utokee mstari wa kijivu usiokatika, kisha hedi igeuzwe, plagi zifungwe, vyumba vijazwe mafuta ya taa. Baada ya dakika 5 pasiwe na tone ndani ya njia za hewa. Sili za valvu ni mpya zote, bila mjadala.

Basi orodha ya lazima kwako, vipimo vikifaulu, ni hii: ringi, beringi zote pamoja na zile nusu-mwezi zinazozuia krenki kusogea mbele na nyuma, seti kamili ya gasketi na sili, boliti za hedi ikiwa ni za kukazwa kwa pembe, mkanda wa taiming na tenshona yake au cheni na gaidi zake, pampu ya maji, thamostati, na vifuniko vya maji vya pembeni mwa bloku ambavyo huoza kwa ndani. Alteneta, starta, rangi ya injini na mabomba ya nje yaliyo mazima vinaweza kusubiri. Hivyo hubadilishwa hata miezi sita baadaye kwa spana mbili. Radieta iliyoziba haiwezi kusubiri, kwani ndiyo itakayokunja hedi uliyoisawazisha. Kisanduku cha filta ya hewa nacho kikague kwa makini: mpira uliopasuka baada ya filta huingiza vumbi, na vumbi ndilo lililokula silinda za injini nyingi zilizokula oili kabla ya wakati. Tenga angalau sehemu moja ya tano ya bajeti kwa yatakayojitokeza baada ya kufungua. Yatajitokeza.

Wakati wa kufunga, mwanya wa ringi upimwe ndani ya silinda yake yenyewe: takriban 0.1 mm kwa kila 25 mm za kipenyo, hivyo silinda ya 80 mm inataka kama 0.32. Ukiwa mdogo, chonga ncha kwa tupa, maana ringi ikipata moto ncha zikagusana itakwaruza silinda na kuvunja pistoni. Ukiwa mkubwa kidogo si msiba. Alama ya herufi au nukta kwenye ringi hutazama juu, na mianya itenganishwe isikae mstari mmoja. Mgongo wa beringi ukae mkavu, oili ipakwe upande wa jarida tu. Visha boliti za konrodi vipande vya mpira zisikwaruze krenki. Baada ya kila pistoni, zungusha krenki kwa mkono; ikigoma ghafla, kosa limo kwenye pistoni uliyotoka kuifunga, litafute hapo hapo. Gundi ya gasketi iwe uzi wa milimita 2 hadi 3, usizidi, kwa sababu inayofinyangwa kuelekea ndani huishia kwenye chujio la pampu. Taiming ikishafungwa, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, alama zirudi mahali pake, ndipo uguse starta.

Jaza pampu ya oili kwa vaselini ili ivute mara moja. Plagi zikiwa nje na mafuta yamekatwa, piga starta kwa sekunde 10 hadi 15, pumzisha, rudia mpaka geji ioneshe mgandamizo. Tumia oili ya kawaida isiyo ya sintetiki, ya uzito uliotajwa na mtengenezaji. Injini ikiwaka na usipoona uvujaji, usiiache ikinguruma mahali pamoja kwa saa nzima, kama wengi wanavyoshauri. Ringi husukumwa kwenye ukuta na nguvu ya mlipuko ulio nyuma yake. Bila mzigo, kuta hung'aa na kuteleza kabla ringi hazijajilaza. Ipate moto, ingia barabarani, gia ya tatu, ongeza kasi kwa nguvu ya wastani kutoka kilometa 40 hadi 80 kwa saa, achia ishuke yenyewe, rudia mara kumi. Usiivute kwa mizunguko ya juu, wala usiishikilie kasi moja kwa safari ndefu.

Oili na filta ya kwanza vitoke ndani ya kilometa 100 za mwanzo. Utakuta ina mng'ao wa chembe ndogo, hilo ni la kawaida. Vipande vinavyoonekana kwa jicho si vya kawaida. Badilisha tena kwenye kilometa 800, na karibu na 1,000 pima upya nafasi za valvu kama tapeti zako ni za kurekebishwa. Andika kiasi cha oili unachoongeza. Ulaji unapaswa kushuka na kutulia ndani ya kilometa 2,000. Ukifika hapo bado unaongeza zaidi ya robo lita kila kilometa 1,000, rudia kipimo cha kompresheni na cha oili ya kijiko silinda kwa silinda, ukianza na ile ambayo plagi yake imelowa.